Ukimtafutia mzee kiti Kampala, anza na goti lake

MAKOCHI mengi yanayouzwa Kampala siku hizi yametengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye magoti mazima. Ni mapana, ni laini, yamekaa chini karibu na zulia, na mgeni akiyaona sebuleni hujua mara moja kwamba mwenye nyumba ana uwezo. Lakini mkaribishe hapo mama wa miaka 75 anayeumwa magoti, halafu ngoja wakati wa kuaga. Mmoja atamvuta mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, mtoto atasukuma mgongo, na mama mwenyewe atacheka ili kuficha aibu.

Makala haya nawaandikia wenzetu wanaorudi nyumbani na kontena la vyombo kutoka Uingereza, Marekani au Dubai, pamoja na wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Mutukula ambao huuza samani mwaka mzima bila kuulizwa swali moja dogo: mtu akishakaa, atainukaje?

Mimi nililazimika kulitafutia jibu kwa sababu ya shangazi yangu. Sisi Waganda humwita Ssenga, na anayetujua anafahamu kwamba Ssenga si mtu wa kubishana naye. Aliishi Mombasa zaidi ya miaka 30 na mumewe aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Baada ya kufiwa alirudi Kampala akapanga nyumba Kibuli, ambako bado anapata watu wa kuzungumza nao Kiswahili na msikiti uko karibu. Magoti yake yamechakaa. Daktari alimweleza kuwa gegedu, ile tabaka laini inayokaa kati ya mfupa na mfupa, imelika. Hawezi kuchuchumaa wala kupiga magoti, na akishuka kwenye mkeka hainuki bila kushikwa.

Maumivu hayo tuliyajua sote. Jambo ambalo hatukulijua tuliambiwa na mjukuu wake anayekaa naye, binti wa miaka 14. Alisema Jjajja hanywi maji mchana. Binti huondoka asubuhi kwenda shule na kurudi saa kumi na moja jioni, na yeye ndiye anayemwinua bibi yake kutoka kwenye kochi. Basi Ssenga alikuwa amepiga hesabu zake: asipokunywa maji, hatabanwa na haja; asipobanwa na haja, hatahitaji kuinuka. Alikaa pale pale tangu chai ya asubuhi hadi mtoto aliporudi.

Kochi lenyewe lilikuwa zawadi. Mwanawe aliye Dubai alituma fedha inunuliwe seti ya watu saba, na seti nzuri kweli, yenye kitambaa cha rangi ya kahawia na mito ya kutosha. Nilikwenda na tepu ya fundi nikaipima. Ukingo wa mbele ulikuwa sentimita 42 kutoka sakafuni, kipimo ambacho si kibaya. Nikamwomba Ssenga akae, nikapima tena pale alipozama. Zilibaki 33. Halafu nikapima mguu wake kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, akiwa amevaa kandambili zake za kila siku: sentimita 41. Kwa hiyo makalio yake yalikuwa chini ya magoti kwa sentimita nane. Hata kijana wa miaka 20 akikaa hivyo atahitaji kujirusha kidogo ili asimame.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mtu hawezi kusimama mpaka uzito wa mwili wake uwe juu ya nyayo zake. Ndiyo maana kila anayeinuka huinama mbele kwanza. Mwangalie jirani yako na utaona pua yake inapita juu ya vidole vya miguu kabla makalio hayajaacha kiti. Kiti kikiwa cha chini na kirefu kwenda nyuma, safari ya kuupeleka uzito huo mbele inakuwa ndefu, na misuli ya mapaja na nyonga hubeba mzigo mkubwa zaidi huku goti likiwa limekunjwa kupita kiasi. Sponji laini huongeza taabu, kwa kuwa ukijisukuma nayo inabonyea, nguvu inapotea bure.

Nsambya, penye mafundi

Kutoka Kibuli kwenda Nsambya ni karibu, na anayefahamu Kampala anajua kwamba kando ya barabara ya kwenda Ggaba mafundi wamepanga vitanda, makabati na makochi hadharani, vumbi la mbao likichanganyika na vumbi la magari. Bwaise nako wapo wengi. Ukitaka mbao ghafi utakwenda Ndeeba. Nilichagua Nsambya kwa kuwa nilitaka kurudi mara kwa mara kukagua kazi bila kutumia nauli.

Fundi wa kwanza alinisikiliza kwa adabu, kisha akanionyesha kochi. Nilipomwambia nataka kiti kimoja, kirefu, kigumu, chenye mikono ya mbao, akauliza kama ni cha ofisi ya mwenyekiti wa mtaa. Wa pili alisema kiti cha namna hiyo ni cha zamani, watu wameacha. Wa tatu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka randa chini na kuuliza, "Ssebo, goti lake ni sentimita ngapi?" Huyo ndiye niliyempa kazi.

Tuliandikiana vipimo kwenye kipande cha karatasi. Kikalio kiwe juu kuliko mkunjo wa goti kwa sentimita tano hadi sita, na hiyo ihesabiwe baada ya sponji kubonyea. Kwa Ssenga ilikuwa 47. Mtu mwenye maumivu ya nyonga anaweza kuhitaji zaidi, lakini usipande mno. Kiti kikizidi kimo, nyayo zinaning'inia, ukingo unabana damu nyuma ya mapaja, na mzee huanza kuteleza mbele. Nyayo zikanyage sakafu sawasawa, basi.

Kina cha kikalio, kutoka mbele hadi kwenye egemeo, tuliweka 44. Makochi mengi hufika 55 au 60, na mwanamke mfupi akitaka kuegemea huko hana budi kulala nusu. Sponji tulichagua ile ngumu yenye unene wa sentimita saba, ikakaa juu ya mbao badala ya mikanda ya mpira ambayo hulegea baada ya miezi michache. Usikubali vipande vya sponji vilivyojazwa ndani ya gunia. Mwezi wa kwanza ni vizuri, mwezi wa tatu kuna shimo.

Mikono ya kiti ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayobeba kiti kizima. Fundi alitaka kuivisha kitambaa. Nikakataa. Mzee anayeinuka haupumzishi mkono pale, anaukamata na kuusukuma kwa nguvu, kwa hiyo unatakiwa uwe mbao tupu iliyopigwa msasa, yenye upana wa kiganja, iliyoviringwa mwishoni. Iwe juu ya kikalio kwa sentimita 20 hivi, penye kiwiko. Muhimu kuliko yote, ifike mpaka ukingo wa mbele wa kikalio. Mikono inayoishia katikati, kama ilivyo kwenye viti vingi vya mapambo, haimsaidii mtu wakati ule ambao amekwisha kusogea mbele na anahitaji kitu cha kushika.

Halafu kuna jambo ambalo wauza samani husahau: nafasi ya chini ya kiti. Makochi hufunikwa mbele hadi sakafuni ili yapendeze. Lakini mtu anapotaka kusimama, visigino vyake vinatakiwa virudi nyuma kidogo, chini ya ukingo. Ukiziba pale umemfungia miguu mbele, na akiwa hivyo atasimama kwa kuvutwa tu.

Miguu ya nyuma ya kiti tuliitanua kidogo ili kisipinduke anapojisukuma, na chini ya kila mguu fundi alipigilia kipande cha tairi kuukuu, kile kile kinachotengenezewa lugabire, maana sakafu ya Ssenga ni ya saruji iliyong'arishwa na inateleza. Mbao ilikuwa mugavu. Mvule ni mzuri lakini bei yake siku hizi inaumiza, na musizi ni mwepesi mno kwa kazi hii. Nililipa shilingi 170,000 baada ya mabishano ya heshima, na kiti kilikwisha kwa siku tisa ingawa niliahidiwa nne.

Usiye na fedha ya kiti kipya

Si lazima kila mtu aende kwa fundi kuagiza. Kiti imara cha mbao ulicho nacho kinaweza kuinuliwa kwa vitalu vinne vya mbao pana, kila kimoja kikiwa kimechimbwa kishimo juu ili mguu wa kiti uzame ndani usitoke. Vyote viwe na kimo kimoja. Nimeona watu wakitumia matofali, na nawasihi waache. Tofali halina kishimo, na siku mzee akijisukuma kwa upande mmoja, kiti kitashuka naye. Kochi lenye fremu nzuri linaweza kufungiwa boksi la mbao chini yake kwa skrubu, na ubao ukawekwa chini ya mto ili usizame.

Viti vya plastiki, vile vya harusini na misibani, vina kimo kinachofaa na vina mikono, na ndiyo maana wazee wengi huvipenda kuliko makochi. Ubaya wake ni kwamba miguu hutanuka ukiweka uzito upande mmoja, hasa kikiwa kimechakaa kwa jua. Ukipachika viwili, kimoja ndani ya kingine, unapata ugumu zaidi na kimo kinaongezeka kidogo. Kiegemeze ukutani kisirudi nyuma.

Choo ni habari nyingine, na kwa Ssenga kilikuwa ndicho kiini cha shida. Choo cha shimo cha kuchuchumaa humtaka mtu ashuke mpaka chini kabisa na kupanda tena bila kitu cha kushika, jambo ambalo goti lililolika haliwezi. Nilikwenda Katwe kwa wachomeleaji vyuma. Walinitengenezea fremu ya mabomba yenye mikono miwili na kimo cha 47, kama kiti, ikawekewa kikalio cha plastiki chenye tundu na kuwekwa juu ya shimo. Baada ya kuipaka rangi ili isishike kutu, walichimbia miguu yake kwenye saruji. Ilifanyika kwa siku moja. Kama ningelazimika kuchagua kati ya kiti cha sebuleni na hicho, ningeanza na hicho.

Kwa anayeleta kutoka nje

Nawajua watu waliosafirisha kutoka Uingereza viti vya umeme, vile ambavyo mtu hubonyeza rimoti na kikalio kizima kikapanda na kuinama mbele mpaka anajikuta amesimama. Kwa mgonjwa asiye na nguvu kabisa mapajani ni msaada mkubwa. Hata hivyo, fikiri kabla ya kulipia meli. Kiti cha Uingereza au Dubai kitakubaliana na umeme wetu wa volti 240 na plagi ya pini tatu. Cha Marekani kimetengenezwa kwa volti 120. Ukikichomeka moja kwa moja utaunguza mota, hivyo kitahitaji transfoma. Umeme ukikatika mtu amelala ndani yake, ni betri ya dharura tu itakayomrudisha, kwa hiyo ulizia kama kinayo na kama betri zake zinapatikana hapa. Pia vingi ni vizito hata wanaume wawili hubabaika navyo kwenye ngazi.

Kuhusu ushuru, sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina jedwali la misamaha ambalo mrejeaji anapaswa kulisoma kabla hajafunga kontena. Anayehamisha makazi anaruhusiwa kuingiza bila ushuru vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko alikotoka, na kwa kawaida viingie ndani ya siku 90 tangu afike. Kiti kipya kilicho bado ndani ya nailoni ya dukani kitaleta maswali. Kile ulichokalia miaka miwili hakina neno. Jedwali hilo hilo linasamehe vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Weka barua ya daktari na maelezo ya mtengenezaji pamoja na nyaraka zako, kwa sababu kochi la kawaida la kulalia haliwi kifaa cha ulemavu kwa kuitwa hivyo kwenye karatasi.

Mfanyabiashara anayeagiza samani kwa ajili ya kuuza yuko kwenye mstari mwingine kabisa. Tangu Julai 2022 samani kutoka nje ya Jumuiya zimo katika kundi la ushuru wa juu wa asilimia 35. Zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama na kutimiza kanuni za uasilia hazitozwi ushuru huo. Ndiyo kusema kiti cha fundi wa Nsambya kinachovuka Busia kwenda Kisumu kina nafasi nzuri zaidi kuliko kochi la melini. Kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 kuna hati nyepesi ya uasilia inayopatikana hapo hapo mpakani, ikiwa bidhaa yako imo katika orodha iliyokubaliwa. Wauza makochi wanaosoma haya wanaweza kujiuliza ni wazee wangapi wa Busia na Tororo wanaotafuta kiti cha sentimita 47 na kukikosa sokoni.

Heshima ya mkeka

Kiti kilipofika Kibuli, Ssenga alikitazama akasema ni kizuri, akaamuru kiwekwe pembeni. Siku tatu hakukikalia. Nilipouliza, alinijibu kwa Kiswahili chake cha Mombasa, "Mwanangu, wageni wangu wakae chini mkekani, miye nikae juu kama gavana?"

Hapa tepu haisaidii. Kwetu Buganda mwanamke hukaa kwenye mkeka na husalimia akiwa amepiga magoti, na mama wa umri wake aliyelelewa hivyo huona kiti kama kiburi. Nilimkumbusha kwamba pwani alikoishi walikuwa na kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye egemeo lililonyooka, mikono, na pa kuwekea miguu, ambacho Lamu na Unguja alikalishwa mtu wa kuheshimiwa. Ni kirefu na kigumu, na kwa kweli mafundi wale wa zamani walijua kazi yao, kwani mzee hushuka kutoka humo bila kubebwa. Alicheka, lakini hakukubali.

Aliyemshawishi ni mama mmoja wa msikitini mwenye umri kama wake, ambaye naye husali akiwa amekaa kwenye kiti kwa sababu ya nyonga. Dini inamruhusu asiyeweza kusujudu afanye hivyo. Mama huyo alikaa kwenye kiti kipya, akaswali adhuhuri, akainuka peke yake. Wageni waliobaki mkekani waliona. Tangu siku ile Ssenga huwaambia wanaokuja kwamba kiti ni dawa aliyoandikiwa na daktari, na mazungumzo yanaendelea.

Ilibidi pia tumfundishe namna ya kuinuka, na sisi tujifunze namna ya kumsaidia. Anasogea mpaka ukingoni. Anarudisha visigino nyuma, miguu ikiwa imeachana kidogo. Anashika mikono ya kiti, anainama mbele, kisha anasukuma. Msaidizi hasimami mbele na kumvuta mikono, wala hamkamati kwapani. Bega la mzee hutoka kirahisi, hasa kwa aliyepatwa na kiharusi. Asimame ubavuni, mkono mmoja mgongoni, amsubiri.

Na kiti kisichukue nafasi ya daktari. Mtu aliyekuwa akiinuka vizuri juzi na leo hawezi apelekwe hospitali, si kwa fundi. Wataalamu wa mazoezi ya viungo wana kipimo chepesi: kiti cha sentimita 43, mikono imekunjwa kifuani, na mtu husimama na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 75 hadi 79 asiyefikisha mara 10 huhesabiwa yuko chini ya wastani. Asijaribu akiwa peke yake. Zoezi la kuimarisha mapaja ni hilo hilo la kusimama na kukaa, likianzwa na kiti kirefu na kwa kushika. Ssenga alianza na mara tatu asubuhi na tatu jioni. Kwa sasa hufanya nane, akihesabu kwa sauti.

Maji anakunywa. Mjukuu wake anasema jagi la asubuhi hulikuta tupu akirudi shule.

Wiki iliyopita fundi wa Nsambya alinipigia simu kuuliza kama nina nafasi ya kupita Kibuli na tepu. Majirani wawili wa Ssenga wameagiza viti vyao, na hataki kukata mbao kwa kukisia. Nimepima. Mmoja goti lake ni 38, mwingine 44.